Kibubu cha mbao cha elfu nane, miezi tisa na deni la laki nane na themanini

Nianze kwa kusema sijalipwa na mtu. Kibubu nimenunua kwa hela yangu Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kwa machinga aliyekua kavipanga chini juu ya turubai, akaanza na elfu kumi tukamalizana elfu nane. Ni vile vya plaiwudi vilivyoandikwa MALENGO kwa rangi, ubavuni kuna viboksi vya namba unaweka tiki kila ukitumbukiza hela. Changu ni cha milioni moja, viboksi 40 vya elfu tano, 30 vya elfu kumi na 25 vya elfu ishirini, nilizijumlisha kwenye daladala narudi Temeke nikakuta kweli zinatimia milioni, hapo sina lawama na aliyechora.

Lawama yangu ni kwamba aliyechora alikua anamuwaza mtu wa mshahara. Mi ni fundi cherehani, nashonea barazani hapa hapa ninapoishi, nina mtoto mmoja wa kiume yuko darasa la tano, na siku yangu nzuri baada ya uzi, bitana, umeme na kula inabaki elfu saba, siku mbaya inabaki buku, sasa buku mbili naiweka kwenye kiboksi gani? Wiki ya kwanza nilikua nakiangalia tu kama mtu anaangalia menyu ya hoteli ya Masaki. Mwisho nikachukua peni, kila kiboksi cha elfu ishirini nikakigawa kwa vidoti kumi, kidoti kimoja buku mbili, na sahivi ubavu wote wa kibubu unaonekana kama umepigwa tetekuwanga. Ukinunua uliza kama kuna chenye namba ndogo, mi sikuviona.

Sasa madeni yenyewe, maana bila hayo hii riviu haina maana, kibubu cha mtu anayeweka hela ya kwenda Zanzibar na kibubu cha mtu anayedaiwa sio kitu kimoja hata kama vimetoka kwa fundi mmoja.

Aprili 2024 baada tu ya Idi mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita, elfu sitini mara sita, laki tatu na sitini, na mi hela yote ya Ramadhani ilishaingia kwenye vitambaa na madeni madogo madogo. Nikaenda kwa wakopeshaji wale wa kausha damu, ofisi ina kiyoyozi na kalenda nzuri ukutani, siwataji. Nikaandikiwa laki nne, wakakata elfu ishirini ya fomu nikapewa laki tatu na themanini, rejesho elfu sitini na tano kila Jumatatu kwa wiki nane. Piga hesabu. Ni laki tano na ishirini. Yani laki na ishirini ya riba ndani ya miezi miwili, na mi wakati nasaini nilikua naangalia ile sitini na tano tu, nikasema magauni mawili kwa wiki si nalipa. Baadae ndio nikaja kujua Benki Kuu iliweka ukomo wa riba asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji kama hao, kwa laki nne miezi miwili ni kama elfu ishirini na nane. Elfu ishirini na nane na laki na ishirini! Kwenye mkataba riba yao ilionekana ndogo, iliyobaki ilikua imejificha kwenye "ada ya usimamizi", "ada ya ufuatiliaji", hata sikumbuki majina yake yote.

Alafu mvua ile. Mnaikumbuka ya Aprili na Mei 2024, na Kimbunga Hidaya kikaja mwanzoni mwa Mei juu yake, barabara za mtaani zikawa mito, nani anakuletea kitambaa cha gauni kwenye matope? Nilirejesha wiki tatu, wiki ya nne nikakopa kwenye aplikesheni ya simu ili nilipe rejesho. Hapo ndipo nilipoharibu, nasema wazi. Laki moja niliyoomba ikaingia elfu sabini na nane, siku kumi na nne wanataka laki, nikachelewa ikawa laki na arobaini, na wakaanza kuwatumia watu meseji. Sio mimi, WATU. Walimtumia mteja wangu, wakamtumia mwalimu wa darasa wa mtoto, wakamtumia fundi bomba ambaye namba yake niliisevu 2021 na sijawahi kumpigia tena, akanipigia yeye kunipa pole.

Dukani kwa Mangi nilikua na daftari, elfu themanini na tatu, unga, mafuta, sabuni. Jirani alinikopesha laki na nusu mtoto alipolazwa. LUKU ya pamoja nilikua nadaiwa elfu ishirini na saba. Na lile linaloniuma kuliko yote, laki na themanini ya dada mmoja aliyenipa hela ya magauni ya sare za sendofu, hela ya kitambaa na bitana na zipu, nikailia kwenye marejesho, ikabidi anunue vitambaa mwenyewe mara ya pili, mi nikashona bure na bado namdai... namaanisha ananidai, unaona hadi leo ulimi unateleza. Kausha damu ilikua imebaki laki mbili na sitini, na faini arobaini, laki tatu. Jumla ya jumla 880,000.

Baba mtoto yupo, kabla hamjauliza. Sheria ya Mtoto ya 2009 naijua, ustawi wa jamii nimeenda, aliitwa akaja na shati limepigwa pasi, akatoa elfu hamsini miezi miwili alafu simu ikawa haipatikani. Sijawahi kuiweka kwenye bajeti hela yake, ikija ni mvua ya kiangazi.

Juni wale wa kausha damu wakaja na bajaji kuchukua ovaloki. Ovaloki ndio kula yangu, cherehani ya kawaida unaweza kuazima ila ovaloki nani anakuazima. Nilikimbia na kanga moja kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na huyu mzee namshukuru, alikaa nao barazani akawaambia hiki chombo cha kazi mkikibeba mtalipwa na nini, tukaandikishana kwake kwamba faini zinasimama na laki tatu inalipwa kwa mafungu matatu, laki mwisho wa Agosti, laki mwisho wa Oktoba, laki mwisho wa Desemba. Kila mtu akasaini. Ndio kesho yake nikaenda Kariakoo kununua vifungo nikarudi na kibubu.

Kwanini kibubu na sio simu? Kwasababu simu yangu ilikua na shimo. Ile huduma ya mtandao inayokujazia salio likipungua, ukiwa unadaiwa huko, hela yoyote ikiingia wanakata chao kwanza kabla hujaiona, na hata ukiimaliza hiyo, hela ya kwenye simu ni rahisi mno kuondoka, unanunua bando, unamtumia mtu elfu tatu, makato, usiku ukishtuka umebaki na mia nane. Mchezo wa kupeana hela nao nilishacheza, tulikua kumi, kwa mtu wa kipato cha kuokoteza mchezo ni deni lingine, siku huna kijumbe anakuja mlangoni na daftari, tena anakuja na sauti. Mikopo ya halmashauri ile ya asilimia kumi ya mapato yao haina riba kweli na asilimia nne ni ya wanawake, ila inataka kikundi, mi na stresi zile nani angenipokea kwenye kikundi chake.

Sasa kibubu kama kibubu. Kimekuja kimepigwa misumari pande zote, muuzaji anakwambia hiki mpaka uvunje. Kwa mtu anayeweka akiba hiyo ni sifa, kwa mtu anayedaiwa ni kasoro kubwa, maana deni lina tarehe, huwezi kukaa na laki mbili ndani ya sanduku huku nje faini inatembea ati unasubiri milioni itimie. Nikakipeleka kwa seremala wa mtaani, akatoa ubao wa chini akaweka bawaba mbili na kikomeo cha kufuli, elfu tatu na mia tano, kufuli dogo buku mbili na nusu. Kwahiyo kibubu chenyewe kimenigharimu elfu kumi na nne, sio nane. Ufunguo nikampa dada yangu Kigamboni, tukakubaliana anakuja kufungua kila baada ya miezi miwili, Jumapili ya mwisho, hata nikimpigia nalia asije katikati. Nilimpigia nalia mara mbili. Hakuja.

Kasoro ya pili ni tundu, na hapa naomba mnisome vizuri. Tundu lao ni pana, kidole changu cha mwisho kinapita. Mwezi wa kwanza wa kukitumia, Julai, mimi mwenyewe mama mtu mzima nimekaa sakafuni saa tano usiku na kile kikoleo kidogo cha kupitishia uzi kwenye ovaloki, nimekiinamisha kibubu, nachungulia kwa tochi ya simu, navuta noti. Ukishajua pembe yake sio kazi. Unakitikisa kwanza noti zisimame, unakilaza ubavu wenye namba ukiwa juu, noti inakuja yenyewe mdomoni pa tundu kama inataka kutoka. Nilitoa elfu thelathini na tano kwa siku tisa. Nilikua najiambia narudisha kesho. Na wakati nimeshajisamehe nikamkuta kijana wangu na njiti ya fagio ina jojo kwenye ncha, kaokota buku mbili, nikataka kuchapa mkono ukakataa, maana ningemwambia nini, usiibe kwa jojo tumia kikoleo?

Nilichofanya nikakata kipande cha ngozi kutoka kwenye begi bovu nikakipigilia kwa ndani ya tundu, kama ulimi, hela inaingia inakisukuma alafu kinarudi. Hiyo imesaidia kuliko kila kitu nilichofanya kwenye haya madeni, sio mchezo. Toka hapo hakuna kilichotoka mpaka dada afike.

Mara ya kwanza kufungua, mwisho wa Agosti, kulikua na 131,000. Dada alizimwaga kwenye kanga kitandani, noti za elfu mbili nyingi, zimekunjwa kunjwa, sarafu za mia tano na mia mbili kama gengeni. Laki ikaenda ya kwanza ya makubaliano, elfu ishirini na saba nikamaliza LUKU, nne zikarudi ndani ili kisilale na njaa. Risiti ya laki niliibandika juu ya kibubu kwa selotepu. Mwisho wa Oktoba kulikua na 252,000, hizo nne zikiwemo, laki ya pili, na laki na arobaini nikawafunga midomo wale wa aplikesheni, na kumi na mbili kwa Mangi. Alafu sikiliza kilichotokea. Novemba ile ile Benki Kuu ikafungia aplikesheni na majukwaa 69 yaliyokua yanakopesha bila leseni, nikasoma orodha kwa kidole kama matokeo ya darasa la saba, na hao wangu wamo. Wiki chache tu baada ya kuwalipa. Shoga angu akacheka mpaka akakaa chini. Mi sikucheka siku hiyo, ila sahivi naona bora, mwalimu wa mtoto hajapata tena meseji na namwangalia usoni kwenye kikao. Ushauri wa bure, kabla hujakopa popote kwenye simu ingia tovuti ya BoT, yani Benki Kuu, kwanza uangalie kama wana leseni, orodha ipo, na hizi ruhusa wanazoomba za kusoma majina ya kwenye simu yako zikatae, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 lakini sheria inakuja ukiwa umeshaaibika.

Desemba ndio Desemba ya fundi, nguo za Krismasi, sare za watoto za Januari, tukafungua 268,000. Laki ya mwisho ya kausha damu nikaipeleka mimi mwenyewe na mwenyekiti pembeni, nikadai karatasi ya kumaliza deni yenye muhuri, wakasema njoo wiki ijayo, mwenyekiti akasema tutasubiri hapa hapa, tukakaa masaa mawili na robo kwenye kiyoyozi chao. Ikatoka. Laki na ishirini nikampelekea dada wa sendofu, ambaye kusema kweli ndiye ningepaswa kumlipa wa kwanza, alikua hanisumbui ndio maana nikamuweka nyuma, na hilo halina utetezi. Arobaini na nane kwa Mangi.

Februari 190,000. Dada wa sendofu akaisha, sitini. Mangi akaisha, ishirini na tatu, akapiga mstari mwekundu kwenye daftari na rula. Laki na saba kwa jirani, ikabaki arobaini na tatu, hiyo nikalipa siku mbili baada ya Idi, mwanzoni mwa Aprili 2025, hata haikusubiri dada aje, ilitoka mkononi kwenye hela ya nguo za Idi ikaenda mlangoni kwa jirani. Alikua anakaanga sambusa, akafuta mkono kwenye kanga akapokea, akanipa sambusa nne.

Kasoro ya tatu hii wengi hawaiwazi. Kwenye ule ufunguzi wa Februari tulikuta noti tatu za mia tano, zile za karatasi, sijui nani alinipa chenji. Mangi akazikataa na alikua na haki ya kuogopa, Benki Kuu ilitangaza noti za zamani, za kuanzia 1985 hadi 2003 pamoja na hiyo mia tano ya 2010, zibadilishwe kuanzia tarehe 6 Januari mpaka tarehe 5 Aprili 2025, baada ya hapo basi. Buku na mia tano sio pesa ya kulilia, nauli ya kwenda benki na kurudi ilikua inaikaribia, lakini fikiria mtu kapigilia kibubu chake misumari toka 2023 anangoja 2026, hajui ndani kuna nini. Alafu plaiwudi inanyonya unyevu. Niliwahi kukiweka sakafuni wakati wa vuli, noti za chini zikaota ukungu kidogo na harufu ya muhogo uliochacha. Kiweke juu ya kabati.

Na riba hakuna, hilo linajulikana. Sahivi sidaiwi nimebaki na hicho hicho, kuna viboksi vya laki moja na ishirini havina tiki, watu wananiambia peleka UTT, kwenye mifuko ya uwekezaji, nitapeleka, ila kwanza nataka niweke kodi ya miezi sita humu ndani kabla mwenye nyumba hajagonga, maana yote yalianzia pale. Elimu bila ada ipo toka 2016 sawa, ila uji, rimu, mitihani na daftari havijui hilo, na mtoto ameanza kuvaa viatu namba yangu.

Nyota tatu na nusu. Nusu nimekata kwenye namba za watu wa mshahara, moja nzima kwenye lile tundu. Fundi wa Mtaa wa Kongo akija kuvitengeneza na ulimi wa ngozi kwa ndani na mlango wa kufuli chini, hata akiuza elfu kumi na tano anunuliwe tu.

Ukienda kununua usichukue cha juu kwenye rundo, hivyo vimepigwa jua vimepinda. Bonyeza ubao wa chini kwa dole gumba, ukicheza kiache. Hesabu misumari, chini ya mitatu kila upande mtoto atakifungua kwa kijiko. Na pitisha kidole chako cha mwisho kwenye tundu pale pale mbele ya muuzaji, kikipita mwambie akupunguzie buku, ndio bei ya ngozi.